Aliyeingia wa Kwanza

Chapwa, Tunduma
3 Machi 2025

Kaka yangu Asajile,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Ni moyo tu ambao haujatulia, kwa sababu nitakazokueleza. Nimeandika kwa kuwa simu yako haijapatikana tangu ilipozama kwenye tope la karasha la kusagia mawe, na kwa kuwa ndivyo marehemu baba alivyotulea: jambo zito huwekwa kwenye karatasi. Barua hii ataileta tajiri wangu Ishaka, ambaye wiki hii anapeleka huko Saza kamba, mabuti na unga. Yumo kwenye mfungo, hivyo usimtanie sana akifika jua likiwa kali.

Ninayo heshima kukufahamisha kwamba programu yangu ya kuhesabu watu wanaoteremka kwenye duara, shimo lenu la dhahabu, ile niliyoiweka kwenye kishikwambi chenu mwezi Januari, imechaguliwa kuingia hatua ya mwisho mbele ya kamati ya ubunifu wa vijana. Nitaiwasilisha Vwawa tarehe 28 mwezi huu. Atakayeshinda atapewa ajira ya kuiweka programu yake katika maduara yote ya dhahabu ya mkoa wetu. Kaka, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na tangu nihitimu kazi yangu imekuwa kupima kamba kwa mita dukani kwa Ishaka. Sijui kama nitapata mlango mwingine kama huu.

Kamati imetaka barua ya ushuhuda kutoka kwa msimamizi wa duara. Nakuomba umfikie Mzee Efraimu kwa niaba yangu. Aeleze tu utaratibu: kila anayeteremka, karani Restuta anaandika jina lake kwenye kishikwambi, anayepanda, anawekewa alama ya kutoka, na kabla ya mlipuaji kuunganisha nyaya za baruti huko juu, kioo kinasoma majina ya waliobaki chini. Wakiwapo, kioo ni chekundu. Wasipokuwapo, ni kijani. Ningefurahi zaidi akiandika sentensi hii bila kuibadilisha: "Programu haijawahi kukosea."

Tafadhali mkumbushe pia ombi langu la Januari, kwamba ndala ziendelee kuwekwa stoo na ule mstari wake mlangoni pa duara usirudi. Wageni wa kamati wakija kukagua, wakute kishikwambi, wasikute ndala.

Mdogo wako mtiifu,
Tukuswiga


Saza
8 Machi 2025

Tuku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya habari na ya pili kwa ajili ya Kiswahili. Restuta ameniuliza kama umeshakuwa mkuu wa wilaya. Nimemwambia bado, subiri tarehe 28.

Mzee Efraimu amekubali kuandika. Anasema kishikwambi ni kizuri ila kinampa uvivu Restuta. Ameniuliza kuhusu ile sentensi yako, "haijawahi kukosea", nikamwambia iandike tu, mtoto anatafuta kazi. Ataandika akishatulia, kwa sababu ndiyo kwanza amerudi kutoka Ileje kwenye harusi ya binti yake.

Hapo ndipo kuna kituko cha kukuchekesha. Unajua Efraimu ndiye anayeteremka wa kwanza kila siku kukagua matimba yanayoshikilia kuta, na ndiye anayepanda wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuunganisha waya kabla yeye mwenyewe hajatoka na kusema, "Chini kweupe." Sasa alipokuwa harusini, wa kwanza kuteremka nilikuwa mimi. Jioni wenzangu wakapanda, mimi nikabaki nyuma kugonga kabari moja iliyolegea. Restuta akatazama kioo, kijani. Akamwambia mlipuaji, "Hakuna mtu." Mlipuaji akashika waya.

Halafu Restuta akaona ndala zangu. Stoo ilikuwa imefungwa asubuhi, kwa hiyo niliziacha pale mlangoni kama tulivyozoea kabla hujatuletea ustaarabu. Akauliza, "Za nani hizi?" Mlipuaji akasema, "Si za Asajile? Zichukue uweke stoo." Restuta akagoma. Desturi unaijua: ndala za mlangoni hazishikwi na mtu mwingine. Huchukuliwa na mwenyewe akipanda, au na ndugu yake kama hatapanda tena. Za marehemu Gwalugano zilikaa pale mpaka Imelda mkewe alipokuja kuzichukua. Basi wakaniita. Nikaitika kutoka chini, "Mnataka nini, sijamaliza."

Tumecheka mpaka tumechoka. Wananiita Mzimu. Nadhani Restuta alisahau kuniandika, ingawa anaapa aliniandika na kwamba jina langu ndilo lilikuwa la juu kabisa. Msalimie shangazi. Mwambie mvua huku imekula barabara.

Kaka yako,
Asajile


Chapwa, Tunduma
10 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, na namshukuru Mungu kwa uzima wako. Nimefurahi kusikia kwamba wote mlilichukulia tukio lile kwa moyo mwepesi.

Naomba mfuate maelekezo yafuatayo kuanzia siku mtakayoipokea barua hii. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuteremka, Restuta aandike kwanza jina la mtu ambaye hayupo kazini. Jina lolote. Asiliwekee alama ya kutoka. Baada ya hapo ndipo awaandike watu wenyewe. Asiruke hata siku moja, hata Mzee Efraimu akiwapo, hata kazi ikiwa ya haraka. Ni matakwa ya kiufundi ambayo si rahisi kuyaeleza kwa barua.

Kuhusu ndala: zilikuwa mbali kiasi gani na meza ya Restuta? Je, ungeziweka stoo kama stoo ingekuwa wazi? Naona ni vyema kwa sasa mrudishe mstari wa ndala, nikikumbuka kwamba desturi za wafanyakazi zinastahili kuheshimiwa. Usisahau kuacha zako mlangoni. Na kama stoo iko wazi pia, kaka, ziache mlangoni.

Naendelea kuisubiri barua ya Mzee Efraimu. Kamati imesema ifike kabla ya tarehe 20.

Wako mtiifu,
Tukuswiga


Saza
15 Machi 2025

Tuku,

Marahaba. Umetuchanganya, lakini tumetii. Mwezi wa kwanza ulisema ndala ni uchafu, mwezi wa tatu ndala ni desturi. Mlipuaji anauliza kama mwezi wa nne tutavaa tai.

Hilo la jina limeleta mjadala. Restuta alitaka kuweka jina la mtoto wake. Efraimu akakataa, akasema jina la mtoto halisemwi kwamba limebaki chini ya ardhi kila siku. Wengine walitaka jina la mtu wa kubuni. Mwisho Efraimu akasema tuweke la Gwalugano. Yeye ndiye aliyelianzisha duara hili, na tangu ngazi ya chini ilipoporomoka hajatolewa. Kumwandika kwamba yumo si uongo, na jina lake halimdhuru mtu. Kwa hiyo kila asubuhi Restuta anaandika "Gwalugano" kwanza, halafu Efraimu, halafu sisi. Jioni kioo ni kijani kama kawaida. Gwalugano kinamnyamazia.

Barua ya Efraimu hii hapa ndani. Ameandika sentensi yako kama ulivyotaka, na chini yake ameongeza yake: "Namfahamu binti huyu tangu utoto wake kule Ileje, baba yake alikuwa mwalimu wangu, na hawezi kuniweka mahali pa hatari." Nilimwambia hiyo haikuombwa. Akasema ndiyo yenye maana.

Ila niambie kitu kimoja, kwa Kiswahili cha nyumbani: kwa nini tunaandika jina la mtu asiyekuwapo?

Kaka yako,
Asajile


Chapwa, Tunduma
20 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua ya Mzee Efraimu imefika salama na nimeiwasilisha Vwawa kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba umpe shukrani zisizo na kifani.

Swali lako nitalijibu kwa kirefu tutakapoonana. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kamati itaikagua programu mstari kwa mstari, na mimi nimeifanyia marekebisho madogo ili isomeke vizuri. Jumapili Restuta atakapopanda kanisani kilimani na kishikwambi, ambako mtandao upo, kitayapokea chenyewe. Hamtaona tofauti.

Mniombee tarehe 28.

Wako,
Tukuswiga


Saza
26 Machi 2025

Tuku,

Tofauti tumeiona.

Jumatatu jioni tulipanda sote. Efraimu akatoka wa mwisho, akasema, "Chini kweupe." Restuta akatazama kioo. Chekundu. Juu yake maandishi: *Waliobaki chini: Gwalugano.*

Mlipuaji aliweka nyaya chini polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Unajua wiki zote hizi jina lile lilikuwa linaandikwa na halisomwi. Siku hiyo likasomwa. Tukajihesabu, tumetimia. Efraimu akavua kofia. Tukarudi kambini bila kulipua.

Jumanne hivyo hivyo. Restuta akataka kuliacha jina, asiliandike tena. Efraimu akamwambia, "Wewe ndiye wa kumfuta marehemu? Tena Tukuswiga alisema tusiruke hata siku moja." Basi likaandikwa. Jioni, chekundu.

Habari zimemfikia Imelda. Ametembea kutoka kijijini na mvua yote ile, amekuja na chakula kwenye chombo na ndala za mumewe kwenye mfuko wa rambo. Ameketi karibu na meza ya Restuta. Hakulia. Alisema, "Mlinitoa hapa mkaniambia hakuna tena kitu cha kutafuta. Sasa mashine imemwona. Mnionyeshe inapoona." Restuta akamwonyesha kioo. Mama wa watu akakigusa kwa kidole pale penye jina, kikafunguka ukurasa mwingine, akashtuka akafikiri amemfukuza.

Anataka tuchimbe upande ule wa zamani. Efraimu anasema ni hatari, lakini jana nilimwona amesimama pale anapima matimba kwa macho. Vijana wawili wamesema wako tayari.

Na kazi haiwezi kulala. Leo tumelipua. Kioo kilikuwa chekundu, mlipuaji akauliza, "Nani?" Restuta akasema, "Ni yuleyule." Efraimu akasema, "Gwalugano hana neno na sisi. Lipua." Tumelipua na kioo chekundu, Tuku. Ajabu ni kwamba haikutuchukua muda kuzoea.

Sikupi lawama, sijui hata nikulaumu kwa lipi. Nakuuliza tena lile swali la mara ya kwanza.

Asajile


Vwawa
28 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimemwomba Ishaka aifikishe barua hii leo hii. Msilipue mpaka muisome. Simu ya Restuta haipatikani; nimejaribu mpaka mkono umechoka.

Mashine haikumwona mtu. Mwambieni Mama Imelda hivyo, na msichimbe upande ule. Liondoeni jina la Gwalugano. Na kioo kikiwa chekundu, kuanzia sasa, ni mtu hai.

Ulitaka Kiswahili cha nyumbani. Mwaka wa kwanza chuoni nilijifunza lugha ya kompyuta wanayoipenda watu wa takwimu. Katika lugha hiyo, wa kwanza kwenye orodha ni wa moja, kama tunavyohesabu mimi na wewe. Programu yenu niliiandika kwa lugha nyingine, ambayo wa kwanza ni wa sifuri. Yenyewe haihesabu watu. Inapima umbali kutoka mlangoni, na aliye mlangoni hajaenda popote. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo mbili. Mimi nilihama kutoka moja kwenda nyingine, na tabia yangu haikuhama nami. Niliiamuru isome majina kuanzia moja. Aliyeingia wa kwanza alikuwa kwenye sifuri, akaachwa.

Kila siku. Tangu Januari. Kila siku Mzee Efraimu alikuwa chini na kioo hakikumjua, na hakuna aliyeng'amua kwa sababu mlimsubiri yeye mwenyewe atoke na kusema neno lake. Ninyi mlikuwa mnafanya kazi ya programu, mimi nikapokea sifa.

Niliposoma habari ya ndala zako nilielewa kabla sijamaliza ukurasa. Nilikaa dukani nimeshika kamba ya mteja, akaniuliza kama naumwa. Ningeweza kuandika siku ile: wekeni kishikwambi pembeni, kina kosa. Badala yake niliwaagiza muweke jina la mtu asiyekuwapo ili limezwe hilo, na ninyi msomwe. Nilijiambia mko salama, basi ukweli unaweza kusubiri tarehe 28. Kisha nikalisahihisha kosa kimya kimya ili kamati isilione, na jina mliloliweka likaanza kusomwa. Nilijua lingesomwa. Nilianza barua ya kuwaambia mliondoe, nikaona haiandikiki bila kueleza, nikaandika kwamba hamtaona tofauti.

Ishaka amenipa barua yako asubuhi hii hapa stendi. Niliisoma nimevaa viatu vipya vya ofisini. Niliingia mbele ya kamati nikiwa bado nasikia lile neno lako, kwamba haikuwachukua muda kuzoea.

Nilieleza vizuri, kaka. Walitikisa vichwa kukubali. Kisha mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akachukua barua ya Efraimu.

"Binti, msimamizi anasema haijawahi kukosea. Unathibitisha?"

"Naomba kuiondoa barua hiyo, mheshimiwa."

"Unaiondoa barua inayokusifu?"

"Aliyeiandika hakujua ninachokijua."

Akavua miwani. "Na wewe unajua nini?"

Nikasema. Mzee mmoja pembeni akauliza, "Huyo aliyekuwa chini ni nani wako?" Nikasema kaka yangu. Hawakuuliza tena. Waliniambia nitaitwa.

Ishaka nilimpata amelala kwenye Canter, midomo imekauka kwa saumu. Nilimweleza nusu tu, akakaa wima. "Lete hiyo barua. Futari nitaikuta barabarani." Sikupanda gari lake. Nilimwambia kamati inaweza kuniita tena leo. Kwako sitaandika hivyo. Niliogopa uso wako.

Tukuswiga


Saza
30 Machi 2025

Tukuswiga,

Ishaka alifika juzi mlipuaji ameshika nyaya. Alishuka kwenye gari anakimbia, yule mtu mzito, ameinua bahasha juu kama mwamuzi wa mpira. Efraimu akasema subirini. Akasoma ukurasa wa kwanza, akamgeukia Restuta. "Kuna nani chini?"

Restuta akasema, "Yuleyule, mzee."

"Soma."

Kioo kilikuwa chekundu na jina la Gwalugano juu. Restuta alikuwa ameacha kusoma chini ya jina lile tangu Jumatano. Mtu akishalizoea jambo haliangalii tena. Akasogeza kwa kidole. Chini ya Gwalugano kulikuwa na jina la pili. Moses. Alikuwa amerudi kuchukua koleo lake kabla ya kuwekewa alama ya kutoka, na Efraimu alipanda bila kumwona. Ndala zake zilikuwa zimefunikwa na mfuko wa Mama Imelda.

Moses yuko hapa, anakula. Ana mke mjamzito. Nakuandikia ili ujue jina lake na hali yake.

Sasa mimi. Nilikuandikia habari ya ndala zangu nikicheka, na wewe ulijua ninacheka nini. Ukanijibu kwa maswali mawili kuhusu ndala, na kuhusu kifo changu hukuandika hata neno moja. Nimejaribu kulikasirikia kosa lenyewe, siwezi, kwa sababu mtu anaweza kukosea. Unasema aliye mlangoni ni sifuri. Priska wa kantini amejifungua wiki hii. Mtoto hana hata mwaka mmoja, mwandike sifuri ukitaka, lakini usiku kucha kambi nzima inajua kuna mtu. Hilo la hesabu nimelielewa. Lisiloeleweka ni wewe kuninyamazia.

Kazi imesimama. Efraimu hajafoka. Amesema tu, "Baba yake alikuwa mwalimu wangu," akaenda kulala.

Tumekaa kikao. Kishikwambi hatujakitupa, kwa sababu siku ya Moses kilisema kweli na sisi ndio hatukusoma. Lakini hakuna anayekubali kuteremka wa kwanza. Efraimu amekubali, tumemkataza sisi. Uamuzi ni huu: aliyeiandika aje aingie wa kwanza. Jina lake liwe la juu, kusiwe na jina la marehemu mbele yake, nasi tuone kama kioo kitamsoma.

Na Mama Imelda bado yuko hapa. Hatujamwambia. Hilo tumekuachia wewe.

Asajile


Chapwa, Tunduma
1 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Nakuja. Ishaka anamaliza sikukuu leo. Alhamisi ataondoka nami alfajiri. Barua hii anaitanguliza kijana wa pikipiki ili mjue.

Nitaanza kwa Mama Imelda. Kisha Restuta aliandike jina langu, nami nitateremka.

Sijawahi kuingia chini ya ardhi. Niliandika programu ya duara bila kulitazama ndani. Naomba usinisubiri mlangoni na maneno, nisubiri tu.

Tuku


Saza
6 Aprili 2025

Tuku,

Marahaba ya Alhamisi, kwa maana hukunipa nafasi ya kuitikia. Ulikuja, ukaondoka mbio mvua isifunge barabara, na sasa tuna tatizo.

Kwanza Mama Imelda. Ulipomaliza kuongea naye kule nyuma ya stoo alikaa peke yake, nami nilidhani atakulaani. Jioni akaniambia, "Yule mtoto alipiga magoti kwenye tope na nguo nzuri. Alisema mashine haina macho. Nilishajua. Nilitaka tu mtu aniambie bila kunizungusha." Chakula alichopika jioni ile tulikila naye. Ndala amerudi nazo nyumbani.

Kushuka kwako ulikuona mwenyewe, usichokiona ni huku juu. Ulipoweka mguu kwenye ngazi na yale mabuti makubwa ya Ishaka, hakuna aliyecheka, hata mlipuaji. Ulipofika chini Restuta akageuza kioo tukione sote. Chekundu. *Waliobaki chini: Tukuswiga.* Efraimu akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na baba. Mimi nilikaa.

Sasa tatizo. Ulipopanda ulitoka umevaa mabuti ya Ishaka, ukaingia kwenye Canter umevaa hayohayo. Viatu vyako vyeusi vya ofisini umeviacha mlangoni pa duara, kwenye mstari, kati ya ndala za Moses na zangu.

Jana jioni tulikuwa tayari kulipua. Restuta akatazama kioo: kijani, wote wametoka, na wewe alama yako ya kutoka ipo. Efraimu akatazama mstari: viatu vimebaki. Mlipuaji akasema, "Mzee, binti kaondoka juzi, sote tumemwona." Efraimu akasema, "Mimi niliona gari likiondoka." Nikateremka. Nilijua haumo, Tuku, nilikupungia mkono mwenyewe, lakini niliteremka mpaka ngazi ya mwisho na nikaita jina lako kila kona. Nikapanda. Nikapanda na kilima mpaka penye mtandao, nikampigia Ishaka kwa simu ya Restuta. Akasema uko dukani unapima kamba, na kwamba barua ya kamati imefika ikikutaka uende tena mwezi ujao na programu, safari hii na mtu wa duara. Efraimu amesema ataenda yeye.

Niliporudi na habari hizo, mlipuaji akaniambia, "Haya basi, wewe ni kaka yake. Viinue tumalize kazi."

Nilivisogelea. Ni vidogo, na kimoja kina tope la pale ulipopigia magoti. Kwa desturi mimi ningeweza kuvishika. Lakini ndugu hushika viatu vya mtu ambaye hatapanda tena, na mimi siku ile nilikuona ukipanda.

Kwa hiyo vipo palepale. Kioo kinasema hakuna mtu, viatu vinasema yupo mmoja, na duara zima limekaa linaota jua. Usimtume Ishaka. Njoo uvichukue mwenyewe.

Kaka yako,
Asajile